Mlango Tusioupigia Hodi

Andilana, Nosy Be
8 Januari 1979

Kwa binti yangu Echata,

Salamu kwanza, maneno baadaye, kama nilivyokufundisha. Huku tu wazima. Mvua ni nyingi, na paa la chuo linavuja upande wanaokaa wasichana, kwa hiyo wasichana wanasoma Kurani upande wa wavulana na hakuna anayesoma.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Ibouroi, karani wa meli ya mizigo. Umeiandika kwa haraka, na mistari imepanda juu kama ngazi. Hata hivyo nimefurahi kwamba hukuacha kuandika Kiswahili. Watu wa hapa hunicheka: mzee wa Kikomori, sokoni anasema Kimalagasi, jikoni Kikomori, ofisini anababaika kwa Kifaransa, na wanawe anawaandikia Kiswahili. Nawajibu kwamba mtu huandika kwa lugha aliyochapiwa fimbo, nami nilichapwa Unguja. Siku hizi iko sababu nyingine pia. Barua hupita mikononi mwa watu wengi, na ni wachache wawezao kuisoma hii.

Sasa maneno. Unasema mjukuu wangu Hayrat ametimiza miaka sita na hajatamka neno. Haitiki jina lake. Hutembea kwa ncha za vidole, huziba masikio jogoo akiwika, na mlango ukiachwa wazi huingia katika ua wa mtu yeyote bila kujali ni wa nani. Hayo ya kwanza yana dawa au hayana, Mungu ndiye ajuaye. Hilo la mwisho ndilo lililoniondolea usingizi.

Hukusahau, wala mimi sikusahau, ghasia za Desemba ya mwaka 1976 zilianza vipi hapo Mahajanga. Zilianza na mtoto mdogo aliyejisaidia katika ua usio wa kwao. Siku tatu baadaye hatukuweza kuwahesabu maiti wetu, na waliosalia wengi wakapakiwa kurudishwa Ngazija. Ninyi mlibaki kwa sababu mumeo Elamine ana cherahani na ana ukaidi. Msijidanganye kwamba mji umesahau. Mji umenyamaza tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Mlango ufungwe mchana na usiku. Mtoto asitoke. Ndani ya bahasha mna karatasi saba za kombe nilizoziandika kwa zafarani. Uzioshe kwa maji safi, anywe moja kila Ijumaa. Ukiingia mwezi wa Shaaban naye hajabadilika, nitakuja mwenyewe kumchukua. Huku nyumba ziko mbalimbali, na mimi si mtu wa kuchezewa na mtoto.

Baba yako,
Fundi Abdérémane

*

Mahajanga
2 Februari 1979

Baba yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Mistari ya leo nimeichorea kwa rula ya Elamine, natumaini itakuridhisha.

Tumefanya kama ulivyoamuru. Mlango unafungwa. Kombe la kwanza Hayrat alilinywa lote bila kulitema, na la pili vilevile. Ametulia. Juzi tulipoketi kula nilimsikia akisema "Bismillahi", si kwa ufasaha, lakini alisema. Elamine hakusikia kwa kuwa cherahani ilikuwa inapiga kelele.

Shughuli yake kubwa ni vifuniko vya sufuria. Anavisimamisha kwa ukingo sakafuni, anavizungusha, kisha analala chini na kuweka sikio karibu mpaka kifuniko kitulie. Halafu anaanza tena. Nimezoea. Napika sufuria zikiwa wazi, na mchuzi wetu siku hizi una moshi.

Mimi sina neno. Nalala vizuri. Elamine ameletewa sare za shule kushona, kazi ipo. Kuhusu jirani wa upande wa mashariki usiwe na wasiwasi. Uzio ni wa mabati na ni mrefu, hatuonani.

Usijisumbue kusafiri, Baba. Bahari ya Shaaban si nzuri kwa kifua chako.

Binti yako mtiifu,
Echata

*

Mahajanga
20 Machi 1979

Mkwe wangu mheshimiwa, Fundi Abdérémane,

Naandika barua hii kazini, Echata hajui, na naomba asijue. Mimi si mtu wa kalamu, unisahihishe nitakapokosea.

Sijui mke wangu amekuandikia nini, lakini namjua. Atakuwa amekuandikia kwamba mambo ni mazuri. Mambo si mazuri.

Hayrat hakutamka Bismillahi wala neno lolote. Nilimpeleka kwa daktari. Alimpigia kengele nyuma ya kichwa, akasema masikio ni mazima. Akaandika neno moja la Kifaransa katika kikaratasi, "autisme", akasema kwamba neno hilo halina dawa, na akamwita mgonjwa mwingine. Kikaratasi ninacho katika mtoto wa meza ya cherahani. Nimewauliza watu watatu wanaojua Kifaransa, kila mmoja amenipa maana yake.

Lakini siandiki kwa ajili ya mtoto. Naandika kwa ajili ya mama yake. Tangu ulipoamuru mlango ufungwe, Echata amekaa nyuma yake. Anakaa chini, mgongo ameuegemeza mlangoni, na hapo ndipo anapochambua mchele, ndipo anaposali, ndipo anaposinzia. Akienda bomba la mtaa kuteka maji, humfunga Hayrat kwa leso kiunoni, akaifunga ncha ya pili kwenye mguu wa kitanda. Hurudi mbio na ndoo nusu, maji mengine yameishia njiani. Mtoto akilia, humziba mdomo kwa kiganja ili jirani asisikie. Juzi niliona alama za meno katika kiganja chake. Nilipomuuliza, alisema ni sindano.

Harusini haendi. Wanawake wa rika lake walikuja mara tatu kumwita. Mara ya nne hawakuja. Nikimwambia apumzike, nitakaa mimi, anasema, "Wewe utasinzia." Kweli, nilisinzia mara moja. Hajasahau.

Jirani tunayemwogopa ni mwanamke mmoja mjane, mtu wa kusini-mashariki, wa kabila lile lililopigana nasi. Watu humwita Mama Velo. Hukaanga vitumbua na kuuza asubuhi. Tangu Desemba ile hatujasemezana hata salamu. Hatujui siku ile alifanya nini. Tulipokimbilia kambi ya askari tuliiacha nyumba nzima. Tuliporudi tuliikuta haikuchomwa, lakini mlango umevunjwa na vyombo vimekwisha. Mtu aliyekaa upande wa pili wa uzio lazima aliona. Hakusema, nasi hatukuuliza.

Mkwe wangu, nifanyeje? Namwogopea mtoto, lakini zaidi naogopa siku nitakayorudi na kumkuta mama yake amekuwa kama ule mlango.

Mkweo,
Elamine

*

Andilana
11 Aprili 1979

Kwa Elamine,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umefanya vyema kusema kweli, na vibaya kuchelewa.

Leso si dhambi. Mbuzi hufungwa kwa kupendwa, asiliwe na mbwa. Lakini nimeelewa kwamba binti yangu hawezi tena kazi hii, na asiyeweza kazi hupunguziwa. Kwa hiyo nitafika mwanzo wa Shaaban na kumchukua Hayrat. Zikunje nguo zake mapema uziweke ndani ya meza yako ya cherahani. Usimwambie Echata mpaka nifike. Atalia siku mbili, kisha atalala, na hilo la kulala ndilo tulitakalo.

Utasema mimi ni mgumu. Nikukumbushe jambo moja tu. Ndugu yangu Allaoui alitoka asubuhi kununua mkate hapo mjini kwenu. Hakuwa amegombana na mtu. Wewe ndiye uliyeniletea kofia yake, na kofia ndiyo niliyoizika. Tangu siku hiyo sitazami nani ana haki na nani hana. Natazama mlango umefungwa au uko wazi.

Fundi Abdérémane

*

Mahajanga
9 Mei 1979

Baba,

Shikamoo. Barua yako kwa Elamine nimeiona. Nilikuwa natafuta mkasi katika meza yake, nikakuta nguo za mwanangu zimekunjwa, na barua iko juu yake. Usimlaumu.

Sijapata kukujibu vibaya tangu kuzaliwa, wala leo sitaki. Lakini nimekudanganya, na itakubidi kuusikia uongo wangu wote pamoja.

Bismillahi nilimtungia. Hajasema.

Usingizi sina. Nikifumba macho naona mlango uko wazi.

Karatasi zako za kombe hakunywa hata moja. Alilitema la kwanza usoni kwangu. Nilizinywa mimi, Baba, Ijumaa saba. Nilijiambia kwamba anayeogopa katika nyumba hii ni mimi, yeye haogopi kitu, basi dawa na imfikie mgonjwa. Ladha ya zafarani ilinikumbusha chuo chako na nikalia. Hofu haikutoka.

Unaandika kwamba nitalia siku mbili kisha nitalala. Baba, mimi najua akiwa na kiu anavyofanya, hujipiga paji la uso kwa kiganja. Ukimpa uji katika bakuli lisilo jeupe hali, hata akae siku nzima na njaa. Hayo nimejifunza kwa miaka sita, na hayamo katika kitabu chako chochote. Huko Andilana utamwita, hataitika, nawe utachukua fimbo. Nakujua. Si kwa ubaya. Ulitufundisha sote kwa fimbo, na sisi tulijua ni kwa nini. Yeye hatajua.

Leso nimeikata leo kwa mkasi huo huo wa Elamine. Sitamfunga tena. Nikitaka kufunga, nitajifunga mimi.

Ukija, njoo kama babu. Mtoto simtoi.

Echata

*

Mahajanga
Jumanne, 12 Juni 1979, asubuhi

Mkwe wangu,

Barua hii anakuletea rafiki yetu Fazul, ambaye anapanda ndege saa tatu. Sikupiga simu ya maandishi kwa kuwa simu husomwa na makarani.

Hayrat amepotea tangu jana asubuhi. Echata alikuwa ameinama jikoni kuchochea moto. Alipoinuka, mtoto hayupo. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa komeo kama kawaida, hatujui ametokea wapi.

Tumemtafuta bandarini na ufukoni mpaka mikokoni. Mwenye pousse-pousse mmoja, yaani mkokoteni wa abiria, alinichukua bure hadi Belobaka, tukauliza nyumba za mwisho za njia ya bara. Tumechungulia visima vitano. Tumeuliza kila mahali panapoulizika.

Kwa Mama Velo hatukuuliza. Echata alitaka kwenda, nikamshika mkono. Nilimwambia, "Ukimuuliza mtu wa kabila lile kuhusu mtoto wetu, umemshtaki. Kabla hujamaliza kuuliza mtaa mzima utakuwa umesikia kwamba wamemwiba mtoto wa Kikomori, na vijana wetu watatoka, na vijana wao watatoka." Alinitazama, akakaa chini. Tangu hapo hasemi wala hali.

Niambie kama nimekosea.

Elamine

*

Andilana
13 Juni 1979

Kwa Elamine,

Hukukosea. Umefanya vizuri kumshika mkono. Msipige hodi kwenye mlango ule kwa hali yoyote ile. Asubuhi ya Allaoui ilitosha.

Rudieni visima. Mtoto wa namna hii hufuata kinachong'aa, na maji yanang'aa. Tafuteni kimya kimya, wawili wawili, msitembee kundi. Mtu akiuliza mnatafuta nini, semeni mbuzi.

Meli ya Ibouroi inaondoka keshokutwa, nami nitakuwemo. Nimewaambia wanafunzi wasome Yasini, na sikuwaambia ni kwa nini. Mkono wangu leo si mzuri, utaona.

Kama yuko hai, mwambieni

Fundi Abdérémane

*

Mahajanga
Ijumaa, 15 Juni 1979

Baba yangu,

Shikamoo. Simu ya maandishi tuliyokupelekea Jumanne jioni, "Mtoto mzima yuko nyumbani usisafiri", naona ilipishana njiani na barua yako, kwa sababu barua imefika leo na ndani yake bado tunatafuta visimani. Mistari yako imepanda juu kama ngazi, Baba. Sijapata kuiona hivyo. Na mahali ulipoandika "mwambieni" hukumaliza.

Nitakueleza yote kwa utaratibu, kama unavyotaka mambo yaelezwe.

Jumanne adhuhuri, wakati ambapo mji umelala na hata mbwa wamelala, nilikuwa nimekaa uani karibu na uzio wa mabati. Elamine alikuwa ameingia ndani, kichwa amekilaza juu ya cherahani. Nikasikia kifuniko kinazunguka. Sauti yake naijua kuliko sauti ya adhana. Huanza pana na polepole, kisha huharakisha kadiri kinavyokaribia kulala, halafu kimya. Nikajiambia kwamba jirani ameangusha kifuniko. Kikaanza tena. Mtu mzima akiangusha kifuniko hukiokota, hakizungushi mara ya pili.

Sikumwamsha Elamine. Nilijua atanishika mkono.

Nilizunguka barabarani mpaka kwenye mlango wa Mama Velo. Baba, ni hatua kumi na tisa kutoka mlango wetu. Niliinua mkono kupiga hodi. Kabla sijagonga, mlango ukafunguliwa.

Alikuwa ameshika panga. Nililiona panga kwanza, yeye baadaye. Lakini hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, huku na huku, kuona nimekuja na wanaume wangapi.

"Uko peke yako?" aliuliza kwa Kimalagasi.

"Niko peke yangu."

Akaliweka panga chini, akakaa kizingitini. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Nilikuwa sijui, nilikuwa namsikia tu.

"Tangu jana nimekaa nyuma ya mlango huu," alisema.

"Kwa nini hukumrudisha?"

"Kwa nini hukuuliza?"

Hakungoja jibu. Alinieleza kwamba Jumatatu alirudi kutoka sokoni akamkuta Hayrat amekaa katikati ya vifuniko vyake vya vitumbua. Kumbe chini ya mabati, mahali kuku wanapopita, mtoto alikuwa amechimba siku nyingi kwa mikono. Mama Velo akataka kumleta. Akamshika, mtoto akapiga kelele kama anachinjwa, nasi tumeshatoka kutafuta bandarini, akamwachia. "Ningemleta vipi?" alisema. "Mimi, mtu wa kabila langu, nimebeba mtoto wenu barabarani naye analia hivyo? Ningefika mlangoni kwako? Nikasema utakuja wewe. Nikawasikia mnatafuta kule, mnatafuta huku, kwangu hamji. Ndipo nikajua mnavyoniona. Nikachukua panga."

Hayrat alikuwa uani kwenye kivuli, sikio chini, hakuinua kichwa kunitazama. Nilitaka kumkumbatia na nilijua nikimgusa atalia. Nikakaa chini mbali kidogo naye, nikalia mimi.

"Amekula wali wa watu watatu," Mama Velo alisema nyuma yangu. "Na hakuniambia hata asante."

"Hasemi. Hata kwetu hasemi."

"Najua. Miaka miwili na nusu nasikia sauti ya mtu mmoja tu upande ule. Nilikuwa nauliza moyoni, huyu mwanamke huzungumza na nani?"

Kisha nikakiona kifuniko chenyewe. Ni cha shaba, kina kishiko cha mbao, na ukingoni kimebonyea mahali pamoja. Nadhani umeshafahamu. Ni kifuniko cha sufuria ya mama, ile uliyonipa siku ya ndoa yangu. Nilikuwa nikilitazama lile bonyeo la ukingoni tangu nilipokuwa mdogo kuliko Hayrat.

Mama Velo aliniona nakitazama. Akasema kwamba alikiokota barabarani siku ile, baada ya watu kuvunja mlango wetu na kutupa vyombo. Alisema, "Nilitaka kukirudisha kesho yake. Kesho yake nikaogopa mtasema nimeiba. Kila siku iliyopita ikawa vigumu zaidi." Na nyumba yetu, Baba, haikuchomwa kwa sababu alisimama nje akawaambia wale vijana kwamba moto ukishika kwetu utaruka uzio uchome kwake, na yeye ni shangazi yao. Hakusema kwamba alituonea huruma. Alisema aliogopea paa lake. Kwa hiyo nimemwamini.

Nikacheka. Nisamehe, nilikaa katika ua ule nikacheka mpaka Hayrat akaziba masikio. Wanawake wawili wamekaa usiku na mchana, kila mmoja mgongo wake mlangoni, wanaogopana.

Elamine alipoamka na kusikia, alikwenda mwenyewe na kipande cha kitambaa cha sare, akampa mkono. Mama Velo akamwambia, "Cherahani yako inataka mafuta, inanisumbua."

Sasa Hayrat hupita chini ya mabati kila asubuhi. Elamine alitaka kuliziba tundu, kisha akalipanua, akakunja ukingo wa bati asijikate. Mama Velo anakaanga, mtoto anazungusha. Wateja wengine wameanza kuuliza mtoto ni wa nani. Anawajibu, "Ni fundi wangu wa vifuniko." Jana nililala muda wa saa mbili, mchana, kitandani. Nilipoamka nilishtuka nikakimbilia mlangoni, nikakumbuka, nikarudi nikakaa. Sikuweza kulala tena. Mwili umeshajifunza.

Usidhani hofu imekwisha. Nimehesabu tu, ilikuwa kubwa ikagawanyika. Naogopa mteja mmoja mlevi. Naogopa Mama Velo ni mzee. Naogopa siku tutakapokufa, nani atajua kuhusu bakuli jeupe. Hiyo siisemi na Elamine, na najua naye haisemi na mimi. Lakini visima siviogopi leo.

Barua yako ya tarehe 13 nairudisha ndani ya hii. Sikuitupa kwa kuwa ni mkono wako. Lakini sitaki ikae ndani ya nyumba.

Binti yako,
Echata

*

Andilana
24 Juni 1979

Kwa binti yangu Echata,

Salamu kwanza.

Simu yenu ilinikuta nimeshafunga mzigo, mguu mmoja uko kwenye gari la kwenda bandarini. Niliisoma, nikarudi ndani, nikafunga mlango, na kilichofuata si cha kuandikwa.

Barua yako imefika, na yangu ndani yake. Nimeisoma kama nisomavyo kazi ya mwanafunzi. Ina kosa katika kila mstari, na kosa si la mwandiko. Lau ingewahi kufika Jumanne, mngeitii, kwa kuwa nimewafundisha kutii, na mjukuu wangu angekuwa bado hatua kumi na tisa kutoka kwenu huku mkimtafuta visimani. Nimeichoma.

Umeona sikumaliza nilichotaka mumwambie. Nilikuwa sijui. Niliandika "mwambieni", nikakumbuka kwamba sijapata kumwambia mtoto yule neno lolote ila kumwita, na kumwita hakumfai. Kalamu ikasimama.

Kifuniko cha mama yako kikae huko huko kwa jirani, mtoto ajue njia. Mimi nimemtafutia vingine. Nimepita nyumba kwa nyumba hapa Andilana kuomba vifuniko visivyo na sufuria. Unaweza kufikiri watu walisema nini. Mmoja aliniuliza kama chuo kimefungwa nimeanza kununua vyuma. Mwingine akawaambia wenzake, "Fundi ametafuta sufuria maisha yote, sasa amekubali vifuniko." Nimepata sita. Ibouroi atakuletea vinne. Viwili vimebaki kwangu kwa sababu nilijaribu kuvizungusha sakafuni na sikuweza kukidumisha hata kimoja zaidi ya pumzi tatu. Wasichana wa chuo walinikuta nimelala sikio chini. Sasa wanajua mbinu kunizidi, nami sijawachapa.

Sikuacha kuogopa, na sitakudanganya, kwa kuwa katika barua hizi tumedanganyana vya kutosha. Kofia ya Allaoui nimeizika, lakini naiona kila asubuhi mtu akinunua mkate. Mimi ni mzee. Hofu yangu nitakwenda nayo kaburini, haitaki kutoka, na kombe nimekwisha kuona haliitoi. Lakini nimefikiri juu ya lile uliloandika, kwamba mwili umeshajifunza. Kilichofunzwa vibaya hufunzwa upya. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka arobaini.

Chuo nimemwachia mwanafunzi wangu mkubwa, Boinali. Nitafika mwanzo wa Shaaban kama nilivyosema, na nguo za mtoto zirudi mahali pake. Fimbo sitakuja nayo. Nitakuja na mkeka wangu na bakuli moja jeupe, la akiba. Salamu zangu umpe Mama Velo, na umwambie kwamba nitampigia hodi mwenyewe, asichukue panga.

Huo mkeka utautandika nyuma ya mlango, mahali pako. Zamu hiyo sasa ni yangu, na mimi, kama unijuavyo, sisinzii. Wewe utakwenda kulala.

Baba yako,
Abdérémane